Mama Wawili, Pasipoti Moja

Kibosho nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua kufurahi kama Mektrida. Wenzake walifurahi kimoyomoyo, wakaificha furaha yao kama mtu anayeficha yai la kesho. Yeye furaha ilimpanda kichwani, na ikimpanda, majirani wote walipata fungu lao, watake wasitake. Siku ile ya Agosti mwaka 1974, barua ya Juliana ilipofika misheni, Mektrida aliifungua papo hapo mlangoni na kuanza kupanda njia ya nyumbani huku anaisoma. Na kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusoma kwa sauti na hakuwahi kufundishwa kunyamaza, alipofika kwake waliokuwa mashambani kote njiani walikuwa wameshajua: Juliana anarudi, atakula Krismasi nyumbani.

Mwaka wa tano huo Juliana alikuwa Ujerumani. Masista walimpeleka kusomea uuguzi katika mji ambao Mektrida alilitamka jina lake kila siku kwa namna mpya, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Sasa amemaliza. Hospitali ya Moshi imemwahidi kazi. Tiketi ya ndege imeshakatwa, ya wiki ya Krismasi. Limebaki jambo moja tu, na Juliana aliliandika mwishoni, chini ya salamu, kama watu wanavyofanya wakiwa na habari mbaya: pasipoti yake imekwisha muda.

Imekwisha zamani, tena bila yeye kujua, maana asiyesafiri haifungui pasipoti. Alikwenda ubalozini kwetu, huko Bonn, wakampokea vizuri, wakamwambia pasipoti mpya atapata. Ila ile ya kwanza alipewa haraka haraka kwa barua ya masista, na safari hii wanataka ushahidi kwamba alizaliwa Tanzania na mzazi Mtanzania. Alete cheti cha ubatizo, na hati ya kiapo ya mama yake mzazi, iliyoapwa mbele ya hakimu. "Bila hivyo," aliandika Juliana, "ndege itaondoka na kiti changu kitupu."

"Hilo tu?" alisema Mektrida. "Nikadhani wanataka figo."

Thadeus, mumewe, alikuwa uani akianika kahawa. Thadeus alikuwa mtu wa maneno machache. Waliomfahamu walisema aliyaoa mengi siku ya harusi yake, kwa hiyo hakuona haja ya kuongeza mengine. Alisikiliza barua yote, akageuza kahawa, akauliza, "Sasa nani ataapa?"

"Mama yake."

"Ndiyo. Nani?"

Mektrida alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha ile kahawa kabla ya jua. Thadeus akarudi kwenye kazi yake.

Inafaa niseme hapa kwamba Mektrida hakuzaa. Kwetu, siku zile, hilo halikuwa jambo la kusemwa polepole. Mke asiyezaa alihesabiwa siku zake kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mume, na shangazi za mume ndio waliokuwa makarani wa hesabu hiyo. Miaka sita Mektrida alikaa akisikia minong'ono nyuma ya migomba. Halafu mdogo wake, Justina, aliolewa na Yakobo, dereva wa trekta kutoka Singida, wakaenda kuishi kambini, kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Watu wa mlimani walisikitika: binti wa Kibosho kwenda kuishi kwenye joto na mbu, tena na mtu wa kuja! Justina akazaa mtoto wa kike, akapanda naye kuja kumbatiza kanisani kwao, akarudi naye chini. Kabla mtoto hajatambaa, homa ya malaria ilimpiga nusura imchukue. Basi wakampandisha mlimani kwa mama yake mkubwa, akae mpaka apate nguvu.

Akapata nguvu. Tena akapata mashavu, akapata meno, akapata maneno, na neno la kwanza alilosema akiwa amemtazama Mektrida usoni lilikuwa mama. Tangu siku hiyo jina la Mektrida likafa. Sokoni, kanisani, kwenye chama cha ushirika, hata kwa wale mashangazi wa mume, akawa Mama Juliana. Yeye mwenyewe ukimwita Mektrida alichelewa kuitika.

Juliana alipofikisha umri wa shule, Justina alikuja kumchukua. Mtoto alilia, akajificha chini ya kitanda, na Mektrida, badala ya kumtoa, alisimama mlangoni. Maneno yakawa makubwa. Mbele ya majirani Mektrida akasema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Ni methali tu, kila mtu anaijua, lakini kumwambia dada yako aliyemtoa mtoto wake asife ni sawa na kumpiga kofi. Justina hakujibu methali. Alisema, "Haya. Baki naye. Lakini siku ukilihitaji tumbo langu, usinifuate." Akashuka. Mtoto akawa anakwenda kambini wakati wa likizo na kurudi, na hao dada wawili wakawa wanaonana misibani tu, wanapeana mkono kama watu waliokutana benki.

Basi, Mektrida alikwenda misheni kuchukua cheti cha ubatizo. Jina la Justina aliliona pale, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa padre wa zamani, na halikumsumbua hata kidogo. Justina alizaa, yeye ni mama. Hayo kwake yalikuwa mambo mawili, na kila moja lilikuwa kweli. Akaikunja karatasi, akavaa kitenge chake kipya, akashuka Moshi mahakamani kama mtu aendaye harusini.

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani, aliyechoka na kesi za mipaka ya vihamba.

"Ndugu, wewe ni mama wa huyu Juliana?"

"Ndiyo mimi."

"Mama mzazi?"

"Kama si mimi, ni nani tena?" alisema Mektrida, akaweka mkono juu ya Biblia kabla hajaambiwa.

Hati ikagongwa muhuri, ikatiwa bahasha pamoja na cheti, ikaenda posta. Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikukalika. Kuta zilipakwa chokaa upya. Beberu alifungiwa zizini anenepe. Kila aliyepita njiani aliitwa aje aone chumba cha Juliana, na aliyekwisha kukiona aliitwa akione tena, maana pazia lilikuwa limebadilishwa. Mektrida alianza hata kulala akiwa na viatu karibu na kitanda, kana kwamba ndege ingetua kwenye migomba wakati wowote.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Oktoba. Hili Mektrida hakulisoma kwa sauti.

"Mama," aliandika Juliana, "ubalozini wamenirudishia karatasi. Cheti cha ubatizo kinasema mama yangu ni Justina, kiapo kinasema ni Mektrida, wote wawili wazazi. Afisa alikuwa mpole. Alisema hata yeye kwao ana mama wanne, lakini sheria inamtaka yule mmoja aliyemzaa. Tafadhali mwombe mama Justina aape. Siku zimebaki chache. Wasipopata hati hii kabla ya Desemba, sitakuja."

Mektrida alikaa kwenye kigoda, barua mapajani. Mambo mawili yalimwumiza, na hakujua lipi limetangulia. La kwanza, Juliana hatakuja, na kosa ni lake. La pili, lile jina. "Mama Justina." Mtoto aliliandika hivyo hivyo, bila kukwama, kwa wino uleule.

Alikwenda kwanza kwa Padre Rogath kuungama.

"Padre, nimeapa uongo mahakamani, na nilipoapa haukuwa uongo."

Padre Rogath, aliyemfahamu Mektrida miaka mingi na familia yake yote, alikohoa kidogo. Mektrida aliapa baadaye kwamba alimsikia anajizuia kucheka. Kisha padre akamwambia, "Sala zako hazitafika ubalozini. Kitubio chako kiko kambini kwenye miwa. Nenda kwa mdogo wako."

Akarudi nyumbani akiwa amekasirika na padre, na sheria, na wazungu kwa kuweka nchi yao mbali. Alimkuta Thadeus ameshika jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu, unamchumia jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, amekusamehe, na kulikataa ni mwiko mzito, hata aliyeuliwa ng'ombe halikatai.

"Nitume mzee alipeleke?" aliuliza Thadeus.

"Ulimi ulikuwa wangu," alisema Mektrida. "Nitapeleka mwenyewe."

Thadeus akampa lile jani, akaongeza, "Njiani usifikirie la kusema. Ukifikiria utaharibu."

Basi likamshusha Mektrida Moshi, lingine likampeleka Arusha Chini, na kadiri walivyoshuka ndivyo joto lilivyompanda mgongoni. Kambini nyumba zilikuwa zimepangwa safu, zote zinafanana, na upepo ulileta harufu ya miwa iliyoungua. Justina alikuwa nje, anachambua maharage kwenye ungo. Aliinua uso, akamwona dada yake amesimama njiani, ameshika isale kwa mikono miwili.

Sasa Justina alikuwa Mkibosho halisi, hata kama aliishi kwenye miwa. Alijua kwamba isale likishapokelewa mchezo umekwisha. Kwa hiyo alifanya jambo moja alilobakiwa nalo: aligeuza uso haraka, akaacha ungo, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Justina," alisema Mektrida.

"Sijaona kitu," ilijibu sauti kutoka ndani. "Jua limenitia kiwi."

"Justina, nimekuja mwenyewe."

"Na kichwa kinaniuma."

Majirani wakaanza kutoka milangoni. Mektrida alisimama pale juani, mikono mbele, jasho linamtiririka. Asingeweza kuurushia mlango isale; halirushwi. Asingeweza kuliacha kizingitini, haliachwi. Aliona waziwazi kiti kitupu ndani ya ndege.

Hapo ndipo Yakobo alipotokea kutoka kazini, ana mafuta ya trekta mpaka kwenye nyusi. Yakobo alikuwa amekaa na Wachagga miaka ishirini na zaidi, amekula mtori wao na kunywa mbege yao, lakini kwao Singida jani ni jani. Akafurahi kweli kumwona shemeji yake.

"Shemeji! Karibu, karibu. Mbona wamekuacha juani? Na umetuletea mche?"

Akalichukua lile isale mikononi mwa Mektrida, kabla Mektrida hajapata neno, akafungua mlango, akamwendea mkewe aliyekuwa amesimama kizani, akamwekea kiganjani. "Mke wangu, dada yako ameleta hili. Tulipande wapi?"

Justina alilitazama lile jani kiganjani, akamtazama mumewe. Halafu Justina akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, na kucheka kukageuka kulia, na Mektrida akaingia akakaa chini naye, sakafuni, na wakawa wanalia pamoja, kila mmoja akimlaumu Yakobo. Yakobo alisimama katikati yao hajui amekosea nini, akaomba msamaha kwa tahadhari.

Walipotulia, Mektrida alieleza habari ya pasipoti. Justina alisikiliza huku akilizungusha jani vidoleni.

"Kwa hiyo umelihitaji tumbo langu," alisema.

"Nimelihitaji."

"Nitaapa. Yule ni mtoto wangu, nitamwachaje huko? Lakini na mimi nina neno. Miaka yote hii mimi ndiye ninayesimama nyuma. Akipokea komunyo ya kwanza, wewe mbele. Akienda Ulaya, wewe ndiye uliyemshika mkono pale uwanja wa ndege. Akirudi, Mektrida, nitampokea mimi. Wewe utasimama nyuma."

Neno hilo liliingia kama mwiba, na lilikuwa haki. "Nitasimama nyuma," alisema Mektrida.

Mahakamani hakimu alivua miwani, akaivaa tena. "Mama, wewe si ndiye uliyeapa hapa?"

"Niliapa, Ndugu Hakimu. Uliniuliza mama."

"Nilikuuliza mama mzazi."

"Nikadhani unasema kwa heshima tu."

Hakimu akaanza kueleza adhabu ya kuapa uongo, na kwa jinsi alivyoieleza haikuwa ndogo. Justina ndiye aliyemkatiza. "Umsamehe, Ndugu Hakimu. Hakukusudia kudanganya. Amemlea mpaka amesahau kwamba hakumzaa."

Hakimu alivuta karatasi mpya. Akachukua kalamu. Mektrida alitazama dirishani muda wote wakati hati ile inaandikwa, maana hakuamini macho yake yangeweza kutulia.

Safari hii hawakuiamini posta. Bruda mmoja Mjerumani wa misheni alikuwa anakwenda kwao likizo. Wakamkabidhi bahasha, na Mektrida akamwambia akiipoteza asirudi Kibosho. Kisha zikaanza siku za kungoja. Furaha ilimrudia Mektrida, lakini sasa ilikuwa na kiwewe ndani yake. Alipaka chokaa kuta zilizokwisha pakwa. Mbege ilipikwa mapema, ikaharibika, ikapikwa nyingine. Kila basi lililopanda kutoka Moshi alilikimbilia, mpaka kondakta akawa anampungia mkono kutoka mbali kumwambia hakuna.

Jumamosi moja ya Desemba kondakta hakupunga mkono. Alining'inia mlangoni mwa basi, ameinua karatasi juu, anapiga kelele. Ilikuwa simu ya maandishi: PASIPOTI NIMEPATA NAKUJA JULIANA. Mektrida aliisoma, akaisoma tena, akamkumbatia kondakta, akamkumbatia dereva, akawaita abiria wote washuke waje wanywe. Walioshuka walikuwa wengi kuliko waliobaki, na basi lile lilifika mwisho wa njia limechelewa sana. Kabla giza halijaingia alikuwa ameshampata mtu wa kupeleka habari kambini kwa Justina. Ahadi ni deni.

Siku yenyewe walikwenda uwanja mpya wa ndege kwa Land Rover ya misheni: Thadeus na koti lake la harusi, Yakobo aliyenawa mpaka akawa mgeni, Justina na gauni la kijani, na Mektrida na kikapu kikubwa mapajani. Njia nzima aliongea. Waliposhuka akanyamaza, akaenda kusimama nyuma ya wote, nyuma hata ya watu wasiowajua, akakiweka kikapu miguuni. Hakuna aliyemkumbusha. Alikuwa amejiambia: nimemtaka aje, na anakuja, atakwenda kwa aliyeandikwa, na ndivyo karatasi zinavyotaka. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Mlango ulifunguliwa. Wazungu wakatoka na kofia zao, kisha mapadre, kisha msichana mrefu mwenye koti zito mkononi. Thadeus alisema "Yule," neno lake la kwanza siku hiyo.

Juliana alimwona Justina mbele. Akaweka mizigo chini, akapiga goti, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Justina akamwinua, wakakumbatiana, wakalia. Juliana akamshukuru kwa kiapo, akamuuliza afya, akamuuliza wadogo zake, akampa salamu za masista moja baada ya nyingine. Ilikuwa salamu nzuri, ya adabu, kamili; watu waliosimama karibu waliisikiliza wakapendezwa. Kisha akamwamkia Yakobo, akamwamkia Thadeus, na hao nao kwa heshima zote. Mektrida alisikia kila neno kutoka pale nyuma. Aliinama kurekebisha kitambaa cha kikapu ambacho hakikuwa na kasoro.

Alipoinua kichwa, Juliana alikuwa amesimama mbele yake. Hakupiga goti. Hakusema shikamoo. Alimtupia lile koti zito mikononi, akaupumzisha uso wake begani kwake kama mtu aliyetoka shambani, akasema, "Mama, njaa inaniuma. Umeniwekea nini?"

Mektrida alilitundika lile koti mkononi. Kisha sauti ikatoka, ya ukali, ile ile aliyomgombezea utotoni.

"Hata salamu huna? Ndivyo walivyokufundisha Ulaya?" alisema, na mikono yake ilikuwa tayari inafungua kikapu.